Fungu la Kishungi

Jina lake kamili lilikuwa Jaku bin Pandu bin Usi, mtu wa Uwandani, kitongoji kidogo cha kusini ya Unguja, ndani kidogo ukitoka Makunduchi, ambako mawe ni mengi kuliko udongo. Mambo haya yalimfika katika kipupwe cha mwaka 1954. Waliomjua kabla ya hapo walimtaja kuwa mtu mpole, asiyekosa maziko ya mtu, wala asiyeonekana barazani akisengenya. Sifa hizo hakuna aliyemnyang'anya hata baadaye.

Uwandani ng'ombe hawachungwi kwa makundi. Kila mmoja hufungwa kamba ndefu ya usumba wa nazi kwenye kigingi au shina la mti, akala majani ya pale kamba inapomfikisha, na kesho yake akahamishwa. Kwa hivyo anayepita maweni huona duara baada ya duara la majani yaliyoliwa, kila moja lina upana wa kamba ya mwenyewe. Mwenyeji akiliona duara humjua ng'ombe aliyelila na mtu aliyemfunga.

Majani yakipatikana, kazi ilibaki kwenye maji. Mwaka ule masika yalikata mapema, na kipupwe kikaja kikavu, baridi asubuhi na upepo wa kusi mchana kutwa ukikausha hata kile kidogo kilichobaki. Visima vya karibu viliingia chumvi. Watu wakategemea pango, ambamo mlikuwa na maji matamu chini kabisa, na zamu za pango alizishika Mzee Borafya bin Duni. Kila asubuhi Borafya alikaa mdomoni mwa pango akaita mafungu. Alitaja jina la mwenye ng'ombe, mwenyewe akaitika "Naam," ndipo akashuka kuteka debe moja kwa kila ng'ombe. Hakuna kilichoandikwa. Ile "naam" ilitosha, kwa sababu kuitikia fungu la ng'ombe asiyenyweshwa ilikuwa ni kuwaibia maji watu wote, na hapana aliyekumbuka kwamba jambo hilo liliwahi kutendeka.

Borafya alikuwa mtu wa mzaha. Jaku alikuwa na ng'ombe mmoja tu, jike jekundu lenye mimba, naye akimtunza hasa, kwani ndama wa mwaka uliopita alimfia. Akishuka na debe lake Borafya humwambia:

"Mpelekee mke mdogo. Lakini mkeo Kidawa asikuone unavyokwenda mbio."

Watu hucheka, na Jaku naye hucheka.

Jirani yake alikuwa Bi Mwanamkasi binti Hasan, mjane. Naye alikuwa na ng'ombe mmoja, mweusi, mdogo, wa asili ya hapohapo, mwenye nundu fupi na kishungi cha nywele nyeupe baina ya pembe. Alimwita Kishungi. Macho ya Bi Mwanamkasi yalikuwa yakififia tangu mwaka juzi, na mwanawe Mwamvua, aliyeolewa Ng'ambo ya mjini, alileta habari kwamba huko yuko daktari wa kumpasua mtoto wa jicho. Ikawa lazima aende. Asubuhi ya safari alimpeleka Kishungi mwenyewe mpaka uani kwa Jaku, akamtia kamba mkononi.

"Jaku, mwanangu, nnakuachia amana. Si mlafi huyu. Debe lake moja tu."

"Nenda kwa salama, Bi Mwanamkasi. Nshampokea."

Siku za mwanzo mambo yalikwenda kama yalivyotakiwa. Borafya aliita fungu la Jaku, kisha fungu la Mwanamkasi, na Jaku aliitika yote mawili. Debe moja akampa mwekundu, moja akampa Kishungi. Kisha maji pangoni yakazidi kushuka. Madebe yakawa hayajai, na mwekundu akimaliza maji yake alilamba bati la debe mpaka likalia. Alikuwa akimtazama Jaku huku analamba.

Jaku alimmiminia nusu ya maji ya Kishungi. Moyoni alijiambia ni kwa siku ile tu. Siku ya pili yake alimmiminia nusu tena, na baada ya hapo hakuna nusu iliyobaki. Alijieleza mwenyewe kwa maneno mazuri: ng'ombe weusi wa uwanda ni wagumu, mamake Kishungi alipita kiangazi kibaya kuliko hiki, na umande wa kipupwe ni mwingi, akiulamba asubuhi unamtosha. Pengine hata aliyaamini. Lakini mtu anayeyaamini maneno yake hafichi, na Jaku alificha. Alimhamisha Kishungi akamfunga mbali, kwenye mchongoma mmoja uliosimama peke yake nyuma ya makonde yaliyoachwa, mahali ambapo hapapiti njia.

Mwanzo alikwenda kumtazama kila siku. Baadaye akawa anapitisha siku, kwa sababu ng'ombe yule alikuwa na tabia ya kuinuka kila akimwona na kuja mpaka mwisho wa kamba, kisha akasimama. Hakulia. Alisimama tu akiitazama mikono ya Jaku.

Pangoni Borafya aliendelea kuita, na Jaku aliendelea kuitika.

Ijumaa moja alipanda gari la shamba kwenda mjini na pakacha la muhogo, kumtazama mgonjwa. Alimkuta Bi Mwanamkasi nyumbani kwa Mwamvua, amekaa juu ya mkeka, macho yamefungwa kitambaa cheupe. Waliamkiana, na hata kabla Jaku hajapewa kahawa alianza kuulizwa.

"Mwamtazama mamangu?" alisema Mwamvua akicheka. "Toka apasuliwe hajauliza wajukuu wamekula nini. Swali lake ni ng'ombe."

"Wewe una mumeo wa kukutazama," alijibu Bi Mwanamkasi. Kisha akamgeukia Jaku, uso na kile kitambaa chake. "Kishungi anakunywa?"

Ulikuwa wakati mzuri wa kusema. Jaku aliyaona maneno yote yamepangika, maji yamepungua, tumebanwa, nisamehe, nikirudi nitampa. Kitambaa kile kilimtazama kuliko macho.

"Anakunywa, Bi Mwanamkasi. Kushinda wangu."

"Allah akuweke," alisema yule mama, na akampapasa mkono.

Alirudi siku ya pili yake na gari la kwanza. Hakupita nyumbani. Alimwomba maji mtu mmoja wa njiani, akajaza kibuyu, akaenda moja kwa moja kwenye mchongoma.

Kishungi alikuwa amekufa. Alikuwa amezunguka mti akitafuta jani, akazunguka tena, na kila alivyozunguka kamba ilijikunja shinani mpaka ikamvuta kichwa kwenye gome. Duara lake lilikuwa limeliwa hata mizizi, pamebaki jiwe jeupe. Na jiwe lile, pale ulimi ulipofika, lilikuwa laini. Lilikuwa linang'aa kama sahani iliyooshwa.

Jaku alikaa na kibuyu chake muda mrefu. Kisha alifanya kazi aliyoiona mbele yake. Karibu na pale palikuwa na ufa mrefu katika mawe, wa kwenda chini sana. Alimkokota mpaka hapo, naye alikuwa mwepesi. Alimsukuma, akasikiliza aanguke, akatupa mawe juu yake. Kamba aliikunja akairudisha nyumbani. Ilikuwa kamba nzuri.

Kidawa mkewe alipomuuliza alisema Kishungi amemhamishia malisho mengine.

Kesho yake pangoni Borafya aliita fungu la Mwanamkasi. Jaku alijua kwamba akinyamaza ataulizwa, na akiulizwa itabidi aseme. Aliitika. Akashuka, akateka maji ya ng'ombe aliyekufa, akampa mwekundu. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani.

Ikawa hivyo kwa siku kadhaa. Halafu ikaja asubuhi ambayo Borafya aliita kama kawaida, na Jaku alikuwa hajafumbua kinywa.

"Nshakusikia," alisema Borafya bila ya kugeuka. "Shuka."

Jaku alitazama waliokuwapo. Hapana aliyeshangaa. Alishuka na debe lake mpaka chini, na chini hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yanatikisika. Mawimbi madogo ya mviringo yalikuwa yakitoka katikati kuja ukingoni, kana kwamba mtu, au kitu, ndiyo kwanza kimeinua mdomo.

Tokea siku ile hakuitika tena. Alisimama kimya, na kila siku Borafya alimwambia ameshamsikia.

Duara la kwanza alilikuta nyuma ya makonde, upande wa kuja kijijini. Majani yameliwa sawasawa, kwa mviringo kamili, na upana wake aliujua. Katikati hapakuwa na kigingi. Hapakuwa hata na tundu la kigingi. La pili lilikuwa njiani kwenda pangoni. La tatu lilikuwa nyuma ya banda tupu la Bi Mwanamkasi, na hapo Kidawa ndiye aliyeliona.

"Baba Shemsa," alimwambia mumewe, sauti chini, "mchana nnasikia kamba inaburutwa maweni. Natoka, sioni kitu. Kishungi umemfunga wapi?"

"Nshakwambia."

"Hujaniambia."

Jaku alitoka nje.

Baada ya hapo ilifika habari kwamba Bi Mwanamkasi anarudi. Kitambaa kimeondolewa, lakini macho hayakufunguka kama walivyotaraji. Anaona mwanga na kivuli, basi. Jaku alipoisikia habari hiyo alimhurumia, na katika huruma hiyohiyo lilimjia wazo, akalipokea. Atamfunga mwekundu bandani kwa yule mama. Mama atampapasa, ataridhika. Zitapita siku chache, naye ataambiwa ng'ombe kaugua, kafa. Hapatakuwa na aliyeumia zaidi ya alivyokwisha umia.

Kidawa alimkuta akifunga kamba.

"Huyu si wetu?"

"Nyamaza, Kidawa."

"Jaku. Umemfanyia nini ng'ombe wa watu?"

Jaku alikaza fundo. Alikuwa amemfunga mwekundu kwa kamba ya Kishungi, na hakujua ni kwa nini alichukua ile badala ya yake.

Bi Mwanamkasi alifika baada ya adhuhuri, jua limesimama. Kidawa alimpokea njiani akamshika mkono. Hakutaka kuingia ndani wala kuvua baibui. Alisema apelekwe bandani kwanza. Alikwenda ameinyoosha mikono mbele, anacheka peke yake, anaita kwa ile sauti ya chini ambayo watu huwaitia ng'ombe wao.

Mkono wake ulimgusa mwekundu mgongoni. Ukateremka tumboni, ukatulia. Ukapanda tena, ukapita nundu, ukafika shingoni, ukaishika kamba. Jaku alisimama mlangoni.

Halafu mkono ukamwacha ng'ombe.

Ulikwenda kushoto, kwenye nafasi tupu. Ulishuka chini kidogo, kimo cha ng'ombe mdogo aliyeinamisha kichwa. Ukasimama hapo. Kiganja kikajikunja, kikafuata kitu cha mviringo. Vidole vikaachana, vikachambua, vikakusanya tena, kama mtu anayechana nywele.

Mwekundu alirudi nyuma mpaka kamba ikakaza. Alikuwa anatetemeka ngozi.

"Jaku, mwanangu."

"Naam."

"Mbona umenifungia wawili?"

Kidawa alijaza leso mdomoni. Upepo wa kusi ulikuwa umekatika, na bandani paliingia harufu ya vumbi la mawe.

"Huyu mwenye mimba ni wako," alisema Bi Mwanamkasi taratibu. "Pua yake mbichi. Huyu wangu—" Aliingiza vidole hewani, upande, kwa namna mtu anavyomfungua ng'ombe kinywa. Akavitoa. Akavisugua kwa kidole gumba, na unga mweupe ukamwagika mpaka juu ya baibui lake jeusi. Kidawa aliuona. Jaku aliuona.

"Nlikuuliza mjini," alisema yule mama. "Anakunywa?"

Hata hapo angeweza kuongopa. Baadaye alimwambia Kidawa kwamba uongo ulikuwa tayari, umekaa ulimini, na ulikuwa mkavu kiasi cha kutotamkika.

"Hakunywa," alisema Jaku. "Maji yake nlimpa wangu. Amekufa, Bi Mwanamkasi. Amefia kambani, nikamtia ufani."

Bi Mwanamkasi hakupiga kelele wala hakulia. Mkono wake ulikuwa bado unachambua nywele ambazo hazikuwapo.

"Basi mnyweshe," alisema.

Nyumbani kulikuwa na maji ya mtungini tu, ya kunywa watu. Jaku aliyamimina yote katika debe, akaliweka chini mahali ambapo ule mkono ulimwelekeza. Mwekundu alikuwa mbali, kwenye mwisho wa kamba. Walisimama watatu. Kwanza maji yalitulia. Kisha yakaingia shimo katikati. Yakaanza kushuka. Wakasikia mmezo. Mmoja. Mwingine. Mirefu. Maji yakafika nusu. Yakafika chini. Debe likatikisika, likalia bati, kama linalambwa.

"Hajatosheka," alisema Bi Mwanamkasi.

Jioni ileile Jaku alikwenda kwa Borafya akamweleza mbele ya watu. Borafya alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza moja tu.

"Na siku hizi zote, aliyekuwa akiniitikia ni nani?"

Tokea kesho yake watu wa Uwandani waliacha kuita mafungu kwa sauti. Borafya alikuwa akinyoosha kidole.

Jaku alimpa Bi Mwanamkasi yule mwekundu na mimba yake. Yule mama alimpokea, akamsamehe kwa ulimi wake, mbele ya mashahidi, na alikuwa mtu wa kweli. Jambo hilo halikubadilisha kitu. Kila adhuhuri Jaku alichukua fungu la maji ya nyumba yake, akalibeba begani mpaka kwenye mchongoma, akaliweka juu ya jiwe lililolambwa, akageuka mgongo. Akigeuka tena debe lilikuwa tupu. Yeye na Kidawa walikunywa kile watu walichowapa.

Masika yalipokuja pango lilijaa mpaka karibu na mdomo. Kila shimo la jiwe lilikuwa na maji, na Jaku akaona labda sasa basi. Siku moja hakwenda. Asubuhi yake walikuta makuti ya upenuni yametafunwa, nyumba nzima kuizunguka, kimo kimoja, na mitungi yote mikavu ndani. Mvua ilikuwa ikinyesha. Jaku alichukua debe akalikinga penye michirizi, akaenda.

Alikwenda hivyo kwa miaka. Watu walizoea kumwona akipita na debe kwenye mvua, na hawakumsemesha. Alikufa katika masika ya mwaka 1959, kwa homa, baada ya Bi Mwanamkasi kumtangulia. Katika ugonjwa wake aliomba maji bila ya kukoma, na Kidawa akamnywesha bila ya kukoma, na midomo yake ilibaki na magamba meupe. Mwoshaji wake, Mzee Mabrouk, aliyafuta magamba yale kwa kitambaa na hakupenda kuulizwa habari hiyo.

Siku ya maziko, watu walipokwisha tawanyika, Kidawa alikumbuka kwamba adhuhuri imepita. Alibeba debe mwenyewe, kama siku zote za ugonjwa wa Jaku. Mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri, na njia yote ilikuwa maji. Aliliweka debe juu ya jiwe, akageuka kama mumewe alivyomfundisha, akangoja, akageuka tena.

Debe lilikuwa kavu. Kwenye ukingo wake ulining'inia uzi wa mate, mrefu, haujakatika.

Alipoinama kulichukua aliliona shina la mchongoma. Lilikuwa na alama ya kamba, ileile ya zamani, ya kimo cha shingo ya ng'ombe mdogo, gome limesuguliwa na utomvu mbichi unatoka. Juu yake kulikuwa na alama ya pili. Ilikuwa mpya. Kimo chake kilikuwa cha shingo ya mtu aliyesimama.

Na majani, ambayo jana yake yalikuwa yameota mpaka magotini, yalikuwa yameliwa maduara mawili, moja limeingia ndani ya mwenziwe.

Kidawa hakumweleza mtu. Lakini siku ya pili yake wanawake waliokuwa wakirudi pangoni walimwona akipita kwenye mvua, mti wa kuchukulia begani, na madebe mawili.